Maji yalifika wapi? Kisa cha Ramani Huria na mafuriko ya Dar es Salaam

Mvua zilizoanza Desemba 20, 2011 ziliua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam. Sherehe za miaka 50 ya Uhuru hazikuwa zimetimiza hata wiki mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kubwa kiasi kile haijapata kunyesha jijini tangu nchi ijitawale. Jangwani paligeuka ziwa, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na katika bonde zima la Msimbazi watu walipanda juu ya mapaa kusubiri kuokolewa. Januari 2012 serikali ilianza kuwahamishia waathirika Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Wengine walibaki huko. Wengine, baada ya kupiga hesabu ya nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi, waliuza au kupangisha na kurejea bondeni.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam pamoja na wakazi wake, na kinaanzia kwenye maswali ambayo mwokoaji au mhandisi angetaka yajibiwe wiki ile. Bondeni kuna nyumba ngapi? Kichochoro kipi kinatokea barabarani na kipi kinaishia ukutani? Shule ipi iko juu ya kutosha kupokea watu? Mtaro unaofurika Tandale unapeleka maji wapi? Majibu yalikuwepo, ila yalikaa kwenye vichwa vya watu: mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mama anayeuza vitumbua kona ile ile kwa miaka 15. Karibu robo tatu ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye maeneo yasiyopimwa, na ramani rasmi ziliishia pale mipango miji ilipoishia. Kwenye michoro ya serikali bonde lilikuwa eneo la wazi, wakati kwenye ardhi yenyewe kulikuwa na nyumba, gereji, misikiti, makanisa, vibanda vya mama lishe na maelfu ya vyumba vya kupangisha.

Tandale, kabla ya mafuriko

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba kazi ya kwanza ya kuchora ramani ilifanyika miezi minne kabla ya maafa yale, na haikuhusu mafuriko. Agosti 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale, wakisaidiwa na Benki ya Dunia na wachora ramani wa kujitolea kutoka nje, walizunguka mitaa sita ya kata hiyo, yaani Mtogole, Pakacha, Mkunduge, Kwa Tumbo, Mharitani na Sokoni, wakiwa na vifaa vya GPS na madaftari. Walichokitafuta ni visima, vyoo, majalala, shule na maduka ya dawa. Kwenye ramani za mtandaoni Tandale ilikuwa doa tupu. Walipomaliza, soko, vichochoro na mitaro vilionekana kwa yeyote mwenye intaneti.

Chombo walichotumia ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri na yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kulipa. Nguvu yake wakati wa maafa ilikuwa imeshaonekana Haiti. Baada ya tetemeko la Januari 12, 2010, mamia ya watu waliokaa mbele ya kompyuta katika nchi mbalimbali walichora Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti ndani ya siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo kupita mitaa ambayo hawakuijua. Jukwaa la mtandaoni liitwalo Ushahidi, lililozaliwa Nairobi wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, nalo lilikusanya taarifa za waliokwama kupitia ujumbe wa simu, na Wahaiti waishio nje wakatafsiri ujumbe huo kutoka Krioli. Joto la siku zile ndilo lililolipa nguvu shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, HOT kwa kifupi, ambalo baadaye lilifika Dar es Salaam.

Haiti, hata hivyo, ilichorwa baada ya kuanguka. Dar es Salaam ilichorwa kati ya mafuriko na mafuriko, na wachoraji wengi walikuwa wanalala jiji hilo hilo. Tofauti hiyo ina uzito. Mtu wa Ulaya akiangalia picha ya setilaiti anaweza kuchora paa. Hawezi kujua kwamba chini ya paa hilo kuna madrasa, kiwanda cha matofali au vyumba vinane vya wapangaji, wala kwamba njia inayoonekana pana kwenye picha hufungwa kwa geti ikifika saa nne usiku.

Kazi yenyewe

Ramani Huria ilianza mwaka 2015. Waliokaa mezani ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Benki ya Dunia, manispaa za jiji, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi na HOT. Baadaye fedha za msaada wa Uingereza, kupitia programu ya kuimarisha ustahimilivu wa miji Tanzania, ziliiwezesha kupanuka kutoka kata chache za mabondeni hadi sehemu kubwa ya jiji. Kwa sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu milioni 4.36. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 5.38. Ramani ilikuwa inakimbizana na ongezeko hilo.

Hatua ya kwanza ni picha. Ndege zisizo na rubani, droni kama tunavyoziita, zilirushwa kupiga picha za anga zenye kuonyesha hadi karo na matangi ya maji. Wanafunzi, wengi wao wakiwa kwenye mafunzo yao kwa vitendo ya likizo, walikaa kwenye kompyuta wakichora mapaa, nyumba moja baada ya nyingine. Kisha picha zilichapishwa kwenye karatasi, wakaenda nazo mtaani. Huko walitembea na wenyeji waliopendekezwa na ofisi ya mtaa, wakajaza kwenye simu janja: jengo hili linatumika kwa nini, limejengwa kwa nini, barabara hii ya lami au ya vumbi, kisima hiki maji yake chumvi au baridi. Jioni data zilipandishwa kwenye ramani.

Sehemu niliyoiona nzito kuliko zote katika kazi hii ni swali moja: maji yalifika wapi?

Mhandisi akitaka kujua kina cha mafuriko huwasha programu, akaweka mvua, mwinuko wa ardhi na upana wa mto, akapata rangi ya bluu kwenye skrini. Mkazi wa bondeni anakuonyesha kwa mkono: hapa magotini, kwa jirani kiunoni, kule kwenye vyumba vya nyuma yalipita dirisha. Nyumba zenyewe ni kumbukumbu. Kuta zina mstari wa tope, milango imewekewa vizingiti virefu vya saruji, soketi za umeme zimepandishwa juu ya usawa wa kichwa, na ukimwona mtu amejenga kabati la zege karibu na dari ujue hakufanya hivyo kwa urembo. Ukikusanya majibu ya wakazi wa kutosha, kila jibu likiwa na nukta yake kwenye ramani, unapata mpaka wa mafuriko uliochorwa na waliolowa.

Kumbukumbu ina kasoro zake, na ni vizuri kuzisema wazi. Mpangaji aliyehamia mwaka jana hajui ya 2011. Mtu huchanganya mafuriko ya Desemba 2011 na yale ya Aprili 2014. Mwenye nyumba anayetaka kuuza atasema maji hayafiki kwake, na anayetarajia msaada anaweza kuyapandisha hadi shingoni. Ndiyo maana jibu la mtu mmoja halitoshi. Ukiwauliza kadhaa kwenye eneo moja kisha ukalinganisha na mwinuko wa ardhi uliotokana na picha za droni, uongo hujitenga wenyewe: maji hayapandi mlima, na nyumba iliyo chini ya jirani yake haiwezi kubaki kavu wakati jirani amelowa hadi kiunoni.

Mitaro ilipimwa vilevile. Upana, kina, imejengwa kwa mawe au ni ya udongo, ina mfuniko au haina, imeziba kwa kiasi gani, inaelekea wapi. Kazi hii haina mvuto hata kidogo. Ni kijana na kipimo cha mkono amesimama juu ya maji meusi, akipiga picha ya taka. Lakini katika kila jiji lililokua bila mpango, kilichokosekana huwa ni mtandao mzima wa mitaro kuonekana kwa pamoja. Kila mtaa unaujua mtaro wake. Hakuna mtaa unaoona kwamba mtaro wake mpana unaingia kwenye kalavati jembamba la kata jirani, au kwamba ulioujenga kwa michango unamwaga maji kwenye uwanja wa watu wengine. Mafuriko ya mijini mara nyingi huzaliwa kwenye maungio hayo, na maungio hayana mwenyewe.

Mjumbe na shina lake

Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hulipita. Kiserikali Dar es Salaam ina wilaya, kata na mitaa. Mtaa mmoja unaweza kuwa na maelfu ya watu. Maji yakiingia usiku, mwenyekiti hawezi kugonga milango yote. Anayeweza ni mjumbe wa shina, yule tunayeendelea kumwita mjumbe wa nyumba kumi ingawa nyumba zake siku hizi zinaweza kupita mia. Mpaka wa shina haukuwa kwenye ramani yoyote. Ulikuwa kichwani mwa mjumbe: kuanzia mwembe ule, unapita nyuma ya msikiti, unashuka na mtaro mpaka kwa fundi baiskeli.

Wanafunzi wa Ramani Huria walikaa na wajumbe, wakawapa picha ya anga ya mtaa iliyochapishwa kubwa, na wajumbe wakachora mipaka yao kwa kalamu. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo hatua iliyogusa ustahimilivu moja kwa moja kuliko ndege zote zilizorushwa. Ramani ya kata inakuambia watu wengi wamo hatarini. Ramani ya shina inakuambia umpigie nani.

Ila tusijifanye hatujui: shina ni ngazi ya chama. Mfumo wa nyumba kumi ulikuja na TANU, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 mjumbe amebaki kiongozi wa CCM, si mtumishi wa serikali. Kila mtu humwendea, awe mwanachama au la, kwa barua ya utambulisho au ugomvi wa mpangaji. Hata hivyo ukiweka orodha ya kaya zinazohitaji msaada mikononi mwake, umeiweka mikononi mwa chama kimoja, na wakati wa kugawa unga na magodoro jambo hilo linaweza kuleta manung'uniko. Dawa ninayoiona ni kumpa kazi ya kuonya na kuhesabu, kisha ugawaji ubaki kwa kamati ya mtaa yenye watu mchanganyiko, Msalaba Mwekundu wakiwemo.

Ramani ilipoingia ofisini

Data zilizokusanywa zilipitishwa kwenye QGIS, programu huria ya kuchambua ramani, pamoja na InaSAFE, nyongeza yake iliyobuniwa Indonesia kwa ushirikiano na Australia na Benki ya Dunia. Unaweka eneo la mafuriko, unaweka majengo, inakuambia ni majengo mangapi na watu wangapi wataguswa, na mahitaji yao ya chakula, maji na vyoo. (Chakula chenyewe huanza na mchele, maana ilizaliwa Indonesia. Mkazi wa Vingunguti angeanza na unga.) Mwaka 2018 matokeo yalitolewa pia katika kitabu cha ramani cha jiji kuhusu ustahimilivu wa mafuriko. Kata zilipewa ramani zilizochapishwa, za kubandika ukutani.

Wakati kazi ikiendelea, Aprili 2018 jiji likafurika tena. Utafiti wa Benki ya Dunia ulikadiria kuwa hasara za kaya kwa mafuriko yale zilipita dola milioni 100, na ukaonyesha kwamba maskini hupoteza sehemu kubwa zaidi ya kile walichonacho. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, iliyokuwa na miaka miwili tu ya kazi, ilizama kwa mara nyingine. Kwa kweli karakana ile ni hoja tosha. Kila mwenyeji wa Magomeni angekuambia maji yanafika pale. Swali la kina cha maji lilikuwa na majibu mengi mtaani kabla ya tofali la kwanza.

Mwaka huo huo wadau wa bonde la Msimbazi walikutanishwa katika mfululizo wa vikao vya kupanga: wahandisi, manispaa, watu wa mazingira, wachimba mchanga, wakulima wa mchicha, wakazi. Mto wenyewe unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka kiasi cha kilomita 35 hadi baharini karibu na Daraja la Salenda, ukipokea njiani vijito na maji machafu ya nusu ya jiji. Ramani za pamoja ziliwapa watu hao kitu kimoja cha kunyooshea kidole. Kabla yake kila idara huja na mchoro wake na kila mchoro una mto mahali tofauti. Mpango ulitoka mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, ukiwemo ujenzi wa daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana na kuwafidia wakazi.

Ukihesabu mafanikio kwa kipimo cha ofisi, basi, kisa hiki kina mafanikio. Kipimo cha mtaani ni kingine.

Alama ya X

Desemba 2015, mwaka ule ule Ramani Huria inaanza, mabuldoza yaliingia Mkwajuni na Hananasif. Nyumba zilikuwa zimepigwa alama ya X nyekundu, na zilibomolewa kwa hoja kwamba zimejengwa kwenye maeneo hatarishi ya bonde. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani kuomba zuio. Waliobomolewa walilala nje msimu wa mvua.

Sisemi kwamba ramani za wananchi zilitumika kuchagua nyumba za kubomoa. Ninachosema ni kwamba mkazi wa bondeni hakuhitaji ushahidi huo ili aogope. Anakuja kijana mwenye fulana na simu, anauliza maji yalifika wapi kwenye nyumba yako. Mwezi uliopita alikuja mwingine na rangi nyekundu. Kwa mwenye nyumba, maswali hayo mawili yanafanana: yote yanataka kujua kama yuko hatarini, na jibu la ndiyo lilishawahi kumgharimu jirani yake paa.

Ramani huria ina tabia hii tangu kuzaliwa kwake. Uwazi unaomwezesha mwokoaji kupata kichochoro usiku ndio huo huo unaomwezesha mwenye buldoza kukipata mchana. Leseni haibagui. Majina ya wenye nyumba hayawekwi, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini eneo la mafuriko likishachorwa na kuwekwa hadharani, linabadilisha bei ya kiwanja, uwezo wa kukopa, na hoja za yeyote anayetaka bonde lisafishwe.

Kwa hiyo imani haikutokana na teknolojia. Ilitokana na nani aliyetangulia kugonga mlango. Mwanafunzi aliyefuatana na mjumbe anayejulikana alipata majibu. Aliyefika peke yake aliambiwa mwenye nyumba amesafiri. Miradi mingi ya namna hii huandika kwamba jamii ilishirikishwa, kisha inapita. Ningependa kuona wameandika pia wakazi waliambiwa nini kuhusu matumizi ya majibu yao, na kama walikuwa na nafasi ya kukataa. Hiyo ni sehemu ya ustahimilivu. Mtu asiyeamini ramani hataamini onyo litakalotokana na ramani hiyo.

Ramani haipigi kelele

Upungufu wa pili ni wa onyo lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu na tahadhari za siku chache, kwa ukanda: pwani ya kaskazini, visiwa vya Unguja na Pemba, na kadhalika. "Mvua za juu ya wastani" ni taarifa sahihi. Mama wa Kigogo hawezi kuigeuza kuwa uamuzi wa kuhamisha friji. Upande mmoja tuna ramani inayojua nyumba, upande mwingine utabiri unaojua mawingu, na katikati hakuna anayesema: leo usiku, nyumba zilizo chini ya mtaro huu, toeni watoto.

Baadhi ya watu waliliona pengo hilo. Mradi wa DARAJA, uliofanyika Dar es Salaam na Nairobi, uliwakutanisha watabiri wa hali ya hewa na wakazi wa makazi yasiyopangwa, pamoja na asasi zinazofanya kazi nao kama CCI kwa Dar es Salaam na KDI kwa Nairobi, ili taarifa ziandikwe kwa lugha ya kutendeka na zipite njia ambazo watu wanazifuata kweli. Kazi ya aina hii haina picha nzuri za droni, lakini ndiyo nusu ya pili ya ramani.

Njia za kufikisha ujumbe nazo hazihitaji kuwa za kisasa zote. Makundi ya WhatsApp ya mitaa yana kasi kubwa, na picha ya mto uliojaa kule juu humfikia wa chini kabla maji hayajamfikia. Lakini mvua kubwa mara nyingi huja na umeme kukatika, simu ikaishiwa chaji, na bando hununuliwa kwa siku. Video za mafuriko ya zamani husambaa kana kwamba ni za leo. Mahali hapo kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa na bodaboda anayepita akipiga honi hufanya kazi ambayo programu haiwezi. Mfumo wa onyo wa kata unaojali maisha ya watu unapaswa kuandika vitu hivyo kwenye ramani vilevile: kipaza sauti kiko wapi, nani ana ufunguo, betri inadumu kwa muda gani. Vifaa vya Ramani Huria vinaweza kabisa kubeba taarifa hizo. Ni kuongeza maswali mawili matatu kwenye fomu.

Nani anahariri?

Hoja yangu kuu juu ya kisa hiki iko hapa. Wakazi walikuwa wasimulizi wa ramani, si wahariri wake. Walitoa majina, mipaka, vina vya maji na historia ya mitaro. Kuandika, kusahihisha na kupandisha kwenye mtandao kulifanywa na wanafunzi na wafanyakazi wa mradi. Kwa hatua ya kwanza haikuwa vibaya. Chuo kilipata mafunzo ya kweli, jiji likapata kizazi cha vijana wanaojua kuchora na kuchambua ramani, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa programu huria za kijiografia. Baadhi ya vijana hao waliendelea na kazi kupitia asasi ya OpenMap Development Tanzania. Huo ni urithi unaoshikika.

Lakini mtaro ulioandikwa mwaka 2017 kuwa wazi unaweza kuwa umeziba leo, na kwenye ramani bado uko wazi. Mtendaji wa kata aliyefundishwa kusoma ramani amehamishwa. Ramani iliyobandikwa ukutani imepauka au imefunikwa na kalenda. Mwenyekiti anaona kosa, analijua, na hana njia ya kulisahihisha isipokuwa asubiri mradi mwingine uje na fulana mpya. Ushirikiano uliishia pale data zilipoondoka mtaani.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 zilionyesha gharama ya kungojea. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua hizo zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Wengi wa waathirika walikuwa mbali na Dar es Salaam, kwenye wilaya ambazo hazijawahi kuona mwanafunzi na droni. Huko kazi ya Ramani Huria haijaanza. Jijini imeanza na inachakaa.

Na bonde lenyewe linabadilika. Nyumba zilizochorwa Jangwani na Magomeni Sunna zimelipwa fidia na kuvunjwa kupisha mradi wa Msimbazi. Waliohama wamekwenda kujenga kwingine, na si ajabu baadhi yao wamejenga kando ya mto mwingine, Mzinga au Mbezi, kwa sababu viwanja vya bei ndogo viko huko. Ramani ya zamani inaonyesha hatari waliyotoka. Ile waliyoingia haijachorwa.

Kuirudia kazi hii kila baada ya masika hakuhitaji mfadhili mkubwa. Programu ni za bure. Picha za anga za zamani bado zinafaa kwa kuanzia, na wanafunzi wanatafuta nafasi za mafunzo kila likizo. Kinachohitajika ni nauli, bando, karatasi za kuchapisha na posho ndogo ya mjumbe atakayezunguka nao, wiki ya kwanza baada ya maji kutoka, kabla wenye nyumba hawajapiga chokaa juu ya mstari wa tope. Halmashauri za Dar es Salaam zina bajeti za kuzibua mitaro kila mwaka, na hakuna mkandarasi anayeweza kuzibua kwa akili bila kujua ni upi ulioziba. Fungu la ramani lingekaa vizuri kwenye kasma hiyo hiyo.